Mizani Mbele ya Mwenye Nguvu

Chukua methali inayojulikana na wengi: mwenye nguvu mpishe. Ihesabu, utapata mizani 7. Mshororo wa shairi la kimapokeo hudai vipande viwili, kila kimoja mizani 8, kwa hiyo methali imepungukiwa na moja. Mtunzi akiongeza silabi moja tu, ikawa "mwenye nguvu umpishe", hesabu imetimia, na amri imelegea ikawa ushauri. Hapo anavuta pumzi, na bado ana mizani 8 mkononi. Akitaka ataendelea kumsifu mkubwa. Akitaka atamalizia: "ila njia siyo yake."

Kwa wanaojua kazi hii, mvutano wa mtunzi na mtawala huanzia katika pumzi hiyo. Ukwapi, yaani kipande cha kwanza, unaweza kusema anachopenda kusikia mkubwa, utao, kile cha pili, ukaja ukakipunguza, na sikio halina la kulalamikia kwa kuwa vina vimekaa sawa. Washairi wawili wa Mombasa, waliopishana kwa zaidi ya karne moja, wanaonyesha jinsi ufundi huo mmoja unavyobeba mizigo miwili tofauti.

Muyaka bin Haji, aliyefariki mnamo 1840, alitunga akiwa karibu na wenye nguvu. Mombasa ya ujana wake ilikuwa chini ya ukoo wa Wamazrui, waliokaa ndani ya ngome ya mji na kumkatalia Sayyid Said wa Omani. Muyaka aliwasemea. Aliwarushia Walamu maneno, na Zahidi Mngumi wa Lamu akamjibu kwa beti. Majibizano ya aina hiyo humbana mtunzi: mpinzani anasikiliza kila kina, na silabi ikizidi utacheka mji mzima. Ndiyo maana beti za Muyaka zimekazwa hivyo. Hazina neno la kujazia. Fumbo lake hupita upesi, na kiishio, mshororo wa mwisho, hufunga mlango kabla msikilizaji hajajua yuko upande gani.

Katika mashairi yake ya vita, uonevu ni kitu kinachokuja kwa jahazi. Adui yuko ng'ambo, na utambulisho ni mji: sisi watu wa Mvita, yaani Mombasa. Mwaka 1837 Sayyid Said aliutwaa mji huo, na utawala wa Wamazrui ukakoma. Ila "sisi" ile ina mipaka yake. Mombasa hiyo ilikuwa na watumwa, na fahari ya mji haikutungwa kwa niaba yao. Msomaji wa leo anaweza kuustahi ufundi wa Muyaka, na papo hapo akauliza nani hakuhesabiwa.

Abdilatif Abdalla alizaliwa Mombasa mwaka 1946. Mwaka 1968 alitoa waraka ulioitwa Kenya: Twendapi?, wa kuukosoa utawala wa Jomo Kenyatta, na akatumikia kifungo cha miaka 3. Gerezani alitunga mashairi yaliyokuja kuwa Sauti ya Dhiki, akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Kitabu kilitoka mwaka 1973, na mwaka uliofuata kikapewa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta mwenyewe.

Kwake mwonevu hakuja kwa jahazi. Ni serikali ya nchi yake iliyo huru, kwa hiyo "sisi" ya Muyaka haimfai tena. Inabaki "mimi": mtu mmoja asiyeacha kauli yake. Tazama anavyolijenga shairi la "Mamba". Hapa hatumii 8 kwa 8. Beti zina mishororo mitatu, na kila mshororo una kipande kifupi cha mizani 4 kinachofuatwa na kirefu cha 8. Kile kifupi hugonga, kisha kirefu hueleza. Mamba anajigamba mtoni kwamba hatakufa. Mshairi anamkumbusha kwamba siku yake itafika. Hakuna jina la mtu wala la cheo. Mshairi amekwisha kutangaza mwanzoni kwamba anafumba, akawaachia wanaoweza kufumbua. Kumshitaki kwa shairi hilo, mshitaki angelazimika kwanza akiri kwamba anamjua mamba huyo.

Vina vina kazi nyingine pia. Anayelisahau neno huongozwa na kina kulirudia, kama mshona mkeka anavyougundua ukili uliokosewa kwa ua lililopinda. Mashairi ya Muyaka yalikaa vichwani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua alipoyakusanya na kumsaidia mmisionari W. E. Taylor kuyahifadhi. Mfungwa anayeweza kunyang'anywa karatasi wakati wowote anahitaji umbo la namna hiyo. Anahitaji lahaja yake vilevile: Abdilatif aliandika kwa Kimvita, ile ya Muyaka, wakati ambapo Kiswahili sanifu kilikuwa kimejengwa juu ya Kiunguja. Serikali ilimwondoa Mombasa. Yeye hakuiondoa Mombasa kinywani.

Mwaka 1974, mshairi wa Tanzania Euphrase Kezilahabi alichapisha diwani ya Kichomi na kuviacha vina na mizani, na mabishano juu ya ushairi huru yakapamba moto. Alikuwa na haki ya kutafuta nafasi pana zaidi. Lakini wanaoiita mizani minyororo wana deni la kumweleza mtu aliyekuwa amefungwa kwelikweli, na ambaye, katika mahali ambapo kila kitu kilipangwa na askari, alichagua kujihesabia silabi zake mwenyewe. Sheria ya mahakama alipangiwa. Ile ya beti aliirithi, akaikubali, na alipotaka akaipima upya kwa 4 na 8. Tofauti ya mamlaka hizo mbili imo ndani ya ufundi wenyewe, na anayetaka kuiona aanze kwa kuhesabu.