Bustani Hupimwa Septemba

Mwezi wa Aprili kila bustani ya Bukavu hupendeza. Mvua inanyesha, udongo umelowa, na hata kijiti kilichochomekwa kando ya njia huchipua. Anayetaka kumjua mtunza maua wa kweli asije mwezi huo. Aje Septemba, baada ya Juni, Julai na Agosti kupita karibu bila mvua, siku zile mawingu yanapoanza kujikusanya upande wa Mlima Kahuzi. Miezi mitatu mbingu hazikusaidia kitu. Kinachosimama hai ni kazi ya mkono wa mtu.

Katika nchi za Ulaya Septemba ni mwezi wa kufunga bustani kabla ya baridi. Sisi tuko digrii mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta, na kwetu ndio mwezi wa kufungua: wakulima wa vilima vya jirani wanaanza kupanda mazao ya sezoni A, msimu wa kilimo unaoanza na mvua hizi, na mwenye maua naye anaamka. Kwa hiyo unapima mambo mawili kwa pamoja: bustani imevukaje kiangazi, na imejiandaaje kupokea mvua.

Anza na udongo

Usitazame maua kwanza. Chuchumaa. Udongo ulioachwa uchi tangu Juni utakuwa na ukoko mgumu na nyufa zinazoingia kidole. Udongo wa mtu makini umefunikwa kwa nyasi kavu au majani yaliyoanguka, na chini ya kifuniko hicho bado kuna ubaridi.

Chukua konzi moja, uifinye. Udongo wetu mwekundu, uliotokana na mawe ya volkano ya kale, una mfinyanzi mwingi. Ukibaki donge gumu kama tofali, haujalishwa. Ukifanya donge kisha ukapukutika unapousukuma kwa kidole gumba, umepata samadi kwa miaka kadhaa. Nusa samadi pia: iliyoiva hunukia kama ardhi ya msituni, na ile mbichi, yenye harufu kali ya zizi, huunguza mizizi. Inasemwa kwamba jina Bukavu latokana na neno la Kishi lenye maana ya shamba la ng'ombe. Hata leo waridi za mji huu haziwezi kumsahau ng'ombe.

Uliza maji yalitoka wapi

Bomba likikauka wiki nzima, na bidoni ya maji ikipandishwa mlimani kwa mgongo, hakuna haki ya kumwagia maua ovyo. Hapo ndipo ufundi ulipo. Mama mmoja wa mtaa wa Nguba amezika chupa ya plastiki ya lita moja na nusu kando ya kila waridi lake, shingo ikiwa chini, kizibo kimetobolewa kwa sindano ya moto, na kitako kimekatwa kuwa mdomo wa kujazia. Jioni hujaza maji aliyooshea mchele na lengalenga. Maji yanashuka polepole hadi kwenye mizizi, na jua haliambulii kitu. Nilipofukua kidogo kwa kisu, juu palikuwa pakavu kama unga, na kina cha kiganja chini yake palikuwa na unyevu.

Hiyo ndiyo alama ya umwagiliaji mzuri. Anayenyunyiza kidogo kila siku hulea mizizi inayotambaa juu juu, na siku moja ya kukosa maji inatosha kuiua. Anayemwaga kwa wingi kila baada ya siku tatu au nne huifundisha mizizi kushuka.

Soma kila ua kwa lugha yake

Hotensia ndiyo msemaji mkweli kuliko yote. Ikilegea saa saba mchana, usimlaumu mtu, kwani majani yake mapana hupoteza maji haraka kuliko mizizi inavyovuta. Rudi saa kumi na mbili asubuhi. Ikiwa bado imelegea, ina kiu ya kweli. Tazama na rangi: udongo wetu wenye tindikali huipa hotensia aluminiamu, nayo hutoa maua ya buluu. Kichaka kilichosimama karibu na ukuta wa simenti mara nyingi hugeuka rangi ya waridi upande ule ule wa ukuta, kwa sababu ya chokaa inayochuruzika. Mtunza bustani anayejua kukueleza hivyo bila kuulizwa, msikilize kwa makini.

Bugenvilia isikudanganye. Hupenda ukame, ukiinywesha sana huzaa majani tu. Zile rangi kali za zambarau na nyekundu si petali bali majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kijibomba cheupe cha katikati. Bugenvilia iliyowaka Agosti haimpi mwenyewe sifa yoyote, ila kama ameipogoa ikakaa mahali pake.

Dalia huenda imekauka yote juu ya ardhi, na hilo si kosa. Omba uonyeshwe kiazi chake. Kiwe kigumu, kisiwe na mikunjo, na kiwe na jicho pale shingoni kinapoungana na shina. Kiazi kinene kisicho na jicho hakitachipua kamwe.

Kwenye waridi, tazama makovu ya mkasi. Mkato mzuri umeinama, uko karibu nusu sentimita juu ya chipukizi linaloelekea nje, na moyo wa tawi ni mweupe. Moyo wa kahawia maana yake mkata aliishia kwenye sehemu iliyokufa na hakushuka zaidi. Unga mweupe juu ya majani ni ukungu wa kiangazi. Madoa meusi yatakuja na mvua, na mtu makini ameshaokota majani yote ya zamani chini ya kichaka.

Mteremko

Bukavu ni mji wa milima, na hapa bustani nzuri ni ile inayoshika ardhi yake. Tazama kama matuta yamekata mteremko kwa upana, kama ukingo una mstari wa nyasi za vetiva au mawe yaliyopandwa imara, kama njia ya maji imechimbwa kabla ya mvua. Vitanda vinavyoshuka wima kuelekea Ziwa Kivu vitapendeza hadi mvua kubwa ya kwanza.

Vinavyodanganya macho

Mawe yaliyopakwa chokaa, vyungu vilivyonunuliwa juzi na kupangwa barazani, maua yaliyochomekwa ardhini yakiwa tayari yamefunguka: hayo ni mapambo ya siku ya wageni. Tikisa shina kidogo. Lenye mizizi litakataa.

Hukumu

Ukilazimika kuchagua kati ya bustani mbili, moja yenye maua mengi juu ya udongo mtupu, nyingine yenye maua machache juu ya udongo uliofunikwa, ipe ushindi ya pili. Ina akiba, na kufikia Desemba itakuwa imeipita mwenzake.

Kipimo cha mwisho hakihitaji ujuzi wowote. Mvua kubwa ya kwanza ya Septemba ikinyesha, simama kwenye lango la parsele yako utazame maji yanayotoka. Yakiwa mekundu, bustani yako inaondoka kwenda Ziwa Kivu. Yakiwa angavu, umeitunza. Kama ni mekundu, chukua jembe kabla ya mvua ya pili.