Mbuni wa Mbozi: Mizani Huhesabiwa kwa Sikio

Washairi wakikaa pamoja, ugomvi wa kwanza aghalabu huwa wa mizani. Mmoja anaghani mshororo, mwenzake anahesabu kwa vidole na kutikisa kichwa: umezidi. Mwenye shairi anarudia hesabu, anaona uko sawa. Kwa washairi wa Mbeya na Iringa, chanzo cha ubishi huo huweza kuwa herufi moja tu: m.

Chukua neno "mbuni". Mbuni ndege ana mizani mbili, mbu-ni. Mbuni wa kahawa, ule unaolimwa Rungwe na Mbozi, una mizani tatu, m-bu-ni. Vivyo hivyo, "njia mbaya" ni nji-a mba-ya, lakini "mtu mbaya" ni m-tu m-ba-ya. Maandishi hayatofautiani, mapigo ya ulimi ndiyo yanayotofautiana. M ya mti wa kahawa ni kiambishi cha ngeli, kilichokuwa mu- kabla ya kudondosha irabu. Irabu imekwenda, pigo lake limebaki. M ya ndege si mabaki ya mu-. Imeshikamana na b, zikatamkwa kwa pigo moja.

Hapa mtu wa nyanda za juu ana akiba nyumbani kwao. Mnyakyusa humwita mtu umundu. Mhehe, kwa lugha yake, ni Muhehe. Ile u iliyodondoka katika Kiswahili, wao wanayo bado. Mshairi akikwama, na asikilize lugha ya mama: penye mu- mbele ya konsonanti, m ya Kiswahili huhesabiwa peke yake. Yapo maneno mafupi yasiyongoja kanuni hiyo, kama mbwa na nchi, ambamo m na n hubeba mkazo na kuwa mizani kamili. Na upo mtego: Kinyakyusa hurefusha irabu ndani ya silabi moja, ilhali Kiswahili huhesabu kila irabu. "Wavaa" ni mizani tatu.

Tujaribu kwa mshororo wa mizani kumi na sita:

Mbeya baridi yauma, Iringa wavaa koti.

Ukwapi, kipande cha kwanza, una nane: Mbe-ya-ba-ri-di-ya-u-ma. Utao, kipande cha pili, nao una nane. Anayedhani Mbeya ni M-be-ya atapata tisa na kuuita mshororo huu guni, yaani wenye kasoro, bure. Weka Njombe mahali pa Mbeya, hesabu haitikisiki. Weka Mufindi, mizani zinakuwa tisa kweli. Ukikimbilia "Mufindi baridi kali", umepata nane lakini kina cha ma kimepotea. "Mufindi jua lazama" hutosheleza vyote viwili, ila sasa baridi imeondoka na jua limeingia. Kanuni imemlazimisha mtunzi aone jambo jingine, na koti la Iringa limepata sababu mpya.

Wapo wanaodhani hesabu hii ni mali ya pwani. Lakini Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu cha 1954, kiliandikwa na Amri Abedi, mtu wa Ujiji. Na mwaka 1968 Mwalimu Nyerere alipowataka washairi wayafikishe mafundisho ya Azimio la Arusha kwa wananchi, ni Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, aliyejibu kwa ngonjera: mashairi ya kujibizana mbele ya watu. Ngonjera haifichi kosa. Pigo likizidi, mghani hujikwaa na kila aliyepo husikia.

Mshairi Kezilahabi alipotoa diwani ya Kichomi mwaka 1974 aliacha vina na mizani, na hiyo ni njia halali. Lakini anayechagua arudhi asihukumiwe kwa vidole vya mtu anayesoma kimya. Mnapokutana tena, wekeni karatasi chini, mwenye shairi aghani, wengine wapige kofi kila silabi. Makofi yakiwa nane kwa kila kipande, ubishi umekwisha.