Ajali na Hatia: Hardy, Conrad na Kuzama kwa Titanic

Methali isemayo kwamba ajali haina kinga huwafariji wafiwa, lakini yaweza pia kuwa kimbilio la wakosaji. Neno lenyewe lina sura mbili. Kwa asili yake ya Kiarabu ni kikomo cha uhai kilichokwisha kupangwa. Katika matumizi ya kila siku ni tukio ambalo huchunguzwa na kutafutiwa sababu. Ni baina ya sura hizo ambapo tunauweka utungo wa Thomas Hardy, "The Convergence of the Twain", uliotokana na kuzama kwa meli ya Titanic mwaka 1912.

Kifani, utungo huu unastahili sifa. Una beti 11 za mishororo mitatu mitatu, bahari ambayo sisi huiita tathlitha. Mishororo miwili ya kwanza ni mifupi, wa tatu ni mrefu, na yote hufungwa kwa kina kimoja. Beti 5 za mwanzo zinatuonyesha meli ikiwa chini ya bahari: vioo walivyokusudiwa matajiri sasa vinatambaliwa na viumbe vya majini, na vito vimepoteza mng'ao. Kuanzia ubeti wa 6 mshairi anarudi nyuma. Meli ilipokuwa ikiundwa, Nguvu isiyoonekana ilikuwa ikimwandalia mwenzi wake, yaani mlima wa barafu. Mgongano unageuka kuwa ndoa. Kina kinalitimiza wazo hilo: kama mshororo wa tatu usivyoweza kuepa kina cha wa kwanza, ndivyo meli isivyoweza kuepa miadi yake.

Lakini waliokufa wako wapi? Watu wapatao 1,500 waliangamia usiku wa kuamkia Aprili 15, nao hawatajwi popote, ilhali utungo ulichapishwa kwanza katika programu ya onyesho la kuwachangia wahasiriwa. Tashihisi imeipa uhai barafu na kuwasahau wanadamu.

Joseph Conrad, aliyekuwa baharia kwa miaka mingi kabla ya kuwa mwanariwaya, aliuandikia mkasa huo katika jarida la The English Review mwaka uo huo. Yeye hakuona ndoa wala majaaliwa. Aliona hoteli iliyowekwa majini kwa ajili ya biashara, na maafisa walioliridhia jambo hilo. Takwimu zinamuunga mkono. Meli hiyo ya tani 46,000 ilibeba watu wapatao 2,200, lakini mashua zake 20 za kuokolea zilitosha watu 1,178 tu. Hata hivyo haikuvunja sheria, kwa kuwa kanuni za Uingereza zilikomea kwenye meli za tani 10,000. Tahadhari za barafu zilifika kwa simu ya upepo, mwendo haukupunguzwa. Katika daraja la kwanza waliokoka zaidi ya nusu ya abiria; katika la tatu, kama robo tu. Majaaliwa hayakagui tikiti.

Hatumnyimi Hardy haki ya kukemea kiburi. Tatizo ni kwamba kiburi cha wanadamu wote hakina mshtakiwa. Kwa hiyo kazi hizi mbili hazina budi kusomwa pamoja, wa kwanza akitupa ukubwa wa msiba, wa pili akitupa wahusika wake. Mkataba uliotiwa saini London mwaka 1914 ulidai nafasi ya mashua kwa kila aliyemo melini. Kumbe ajali ile ilikuwa na kinga.