Tazama kingo kwanza, uso mwisho

Salamabila, huku kwetu mashariki mwa Kongo, ni mji wa dhahabu, na watu wake wanajua kukagua. Mchimbaji akileta vumbi lake dukani, mnunuzi hupitisha sumaku ili mchanga mweusi utoke, akalipuliza taratibu, akaliweka kwenye mizani, ndipo bei ianze kuzungumzwa. Mchimbaji huyohuyo akija studio kuchukua picha yake ya ndoa, huitupia jicho mara moja, akaona uso unang'aa, akatabasamu, akalipa franka zake na kwenda. Nimekaa nyuma ya kompyuta ya studio muda wa kutosha kujua kwamba sisi watengenezaji tunalitegemea sana hilo tabasamu. Tunaujaza uso mwanga, na makosa yetu mengine yanapita.

Picha nayo ina sumaku yake: anza pembeni. Toka nayo nje, kwenye mwanga wa jua, maana taa ya studio ni shahidi wa mwenye studio. Kisha igeuze kichwa chini. Macho yakishaacha kumtambua shangazi yako, yanaanza kuona mikato.

Tazama nywele, masikio na shingo. Kazi nyingi siku hizi ni kumtoa mtu kwenye ukuta wa nyumba yake na kumweka mbele ya rangi moja, nyeupe au buluu. Mkato mbaya una dalili tatu. Kuna uzi mweupe mwembamba unaomzunguka mtu, mabaki ya ukuta wa zamani. Kuna nywele zilizokatwa kama kofia ya pikipiki, misuko yote imelazwa kwenye mstari mmoja. Na kuna sikio lililoliwa nusu. Aliyefanya hivyo alibonyeza ukutani mara moja, programu ikachagua kila kinachofanana na ukuta, naye akafuta. Fundi mwenye subira hapunguzi kwa kifutio. Anaweka barakoa, yaani kifuniko kinachoficha bila kufuta, juu ya tabaka la picha, anausogeza mkato ndani kwa pikseli moja, anaulainisha kwa pikseli moja au mbili, halafu misuko anaipitia mmoja mmoja kwa brashi ndogo. Akikosea anapaka tena, nywele zinarudi. Kilicholiwa na kifutio ni shida kukirudisha baada ya faili kufungwa.

Nasema hapa juu ya programu ya GIMP, kwa sababu ndiyo inayopatikana bila kulipa na bila kuiba. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na mpaka leo haimdai mtu hata franka moja. Majina ya menyu ninayotaja ni ya Kifaransa, jinsi tulivyozoea kuyaona huku kwetu.

Baada ya kingo, nenda kwenye kikwembe. Hakuna shahidi bora. Maua yake yanajirudia kwa mpangilio, kwa hiyo kila mkono uliopita hapo unaacha alama. Kama fundi amembana bibi harusi kiuno, maua ya kiunoni yatakuwa yamevutika kama mayai huku ya begani yamebaki duara. Kama kuna mtu aliyekuwa amesimama kando akaondolewa, utakuta ua moja na kasoro yake ileile limetokea mara mbili, bega kwa bega. Hiyo ni kazi ya kifaa cha kunakili, Clonage, iliyochukua kutoka sehemu moja bila kuhama. Chini ya miguu nako mchezo ni huo: jiwe moja mara tatu, jani moja mara nne. Dawa yake ni kubadilisha chanzo kila baada ya miguso michache, basi.

Mandhari ya kubandika siyachukii. Wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, miaka ya 1990, waliwasimamisha wateja mbele ya mapazia yaliyochorwa meli na ndege, na hakuna aliyedanganywa. Mtu akitaka kusimama Dubai bila kutoka Kabambare, asimame. Ila viatu vyake vikanyage chini. Asiye na kivuli miguuni anaelea, na kama jua limempiga shavu la kushoto, majengo ya nyuma yake hayawezi kupigwa upande wa kulia.

Ngozi ndiyo ninayogombania zaidi. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya Kodak iliwagawia wasafishaji wa picha kadi zenye sura ya mwanamke mweupe, zikaitwa kadi za Shirley, ili walinganishe rangi zao naye. Yeye akitoka vizuri, kazi imeisha. Sisi tuliobaki tulitoka vyovyote. Kompyuta haikumaliza balaa hilo. Ukibonyeza marekebisho ya moja kwa moja, programu inavuta nyekundu, kijani na buluu kila moja peke yake mpaka mwisho wake, bila kujua aliyekaa kwenye kiti ni nani. Matokeo yake ni uso wa majivu, au uso wenye ubuluu kama wa mtu mwenye baridi. Halafu fundi anaongeza mwanga usoni tu. Hapo tazama mikono. Mara nyingi uso umetoka kwingine kabisa, mikono imebaki Salamabila.

Fundi mzuri anafungua Courbes, mstari unaopanga mwanga, anaushika katikati na kuuinua kidogo, anaacha ncha zote mbili zilipo. Rangi anaipima kwa shati jeupe, si kwa meno wala weupe wa macho, kwa kuwa hakuna macho meupe kama shati. Na kwenye paji la uso anaacha mng'ao wa jasho kiasi, kwa sababu ngozi yetu umbo lake linaonekana kwa mng'ao. Ukiufuta wote unabaki na chungu kilichokauka.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye picha ya kilio. Mama mmoja aliniletea kadi ya mpiga kura ya mumewe, imekwaruzwa, uso hauzidi upana wa sentimita mbili. Nikaipiga skana, nikaikuza, nikakesha nayo. Asubuhi aliitazama muda mrefu.

“Mwanangu, huyu ni nani?”

“Ni Papa, Mama.”

“Hapana. Huyu labda ni mdogo wake. Kovu lake liko wapi?”

Nilikuwa nimelifuta pamoja na mikwaruzo ya kadi. Tangu siku ile namuuliza mteja kwanza: kipi ni chake, kipi ni cha karatasi? Mkwaruzo wa kadi unakatiza ngozi na shati na ukuta kwa mstari mmoja. Kovu linaishia kwenye ngozi.

Na hesabu ya kukuza haibembelezeki. Sentimita mbili zikipigwa skana kwa nukta 600 kwa inchi zinatoa pikseli 472. Karatasi ya A4 kwa nukta 300 inataka 2480 kwa upana, yaani zaidi ya mara tano. Kinachojaza pengo hilo ni ukungu, au macho yaliyochorwa na fundi. Ukiona picha ya marehemu ina kope kali kuliko nywele, macho hayo si yake. Afadhali picha ya sentimita 10 kwa 15 iliyo yake kweli.

Picha ya pasipoti haina siri. Kipimo cha milimita 35 kwa 45 kwa nukta 300 ni pikseli 413 kwa 531, na nane zinaingia kwenye karatasi moja ya 10 kwa 15.

Sasa wewe unayejifunza. Brashi isipochora, tafuta mstari wa nukta unaotembea kama siafu: uliacha eneo limechaguliwa, na nje yake hakuna kitakachoandikika. Bonyeza Aucune kwenye menyu ya Sélection. Ukiwa huoni siafu, angalia kama umesimama kwenye tabaka jingine. Kifutio kikipaka nyeupe badala ya kutoboa, tabaka halina uwazi. Uongeze kwa Ajouter un canal alpha. Vifaa vyote vikitoweka, usilie wala usifute programu. Umegusa Tab, iguse tena.

Mashine ikikwama, kata picha kabla ya kuanza kazi. Picha ya simu ya pikseli 4000 kwa 3000 inakula takriban megabaiti 48 kwa kila tabaka la rangi lenye uwazi, katika hali ya biti 8, na kompyuta nyingi huku kwetu ni za mtumba. Halafu kuna umeme. Tunafanyia kazi sola na jenereta, na GIMP haihifadhi yenyewe: jenereta ikikohoa, kazi imekwenda. Ctrl na S, kila unapomaliza sikio moja.

Mwisho kabisa, kuhifadhi na kutoa ni vitu viwili tangu toleo la 2.8 la GIMP, la mwaka 2012. Kuhifadhi kunakupa faili ya XCF, yenye matabaka yote, ambayo mashine nyingi za kuchapia haziifungui. Nimeona mtu akipanda pikipiki mpaka Kasongo na XCF peke yake kwenye flashi, akarudi mikono mitupu. JPEG inatoka kwa Exporter sous. Na ukiituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, la sivyo itafika imekonda.

Mteja, kabla hujalipa, dai JPEG yako pamoja na picha ya asili ambayo haijaguswa. Fundi, hiyo ya asili usiifute hata nafasi ikikubana. Watu wengi wa huku wamekimbia nyumba zao zaidi ya mara moja, na kwa baadhi yao, iliyo kwenye kompyuta yako ndiyo pekee iliyobaki.