Haki na Huruma Ukingoni

Warumi wa kale waliwaheshimu wake wa Makaisari kwa sarafu za fedha. Upande mmoja uliwekwa uso wa bibi, na upande wa pili sifa njema iliyopewa umbo la mwanamke: Mapatano, Uchaji, au Haya. Faustina, mkewe Antoninus Pius, alipofariki, mumewe aliendelea kupiga sarafu zenye sura yake.

Mtindo huo ulifika hata kwetu, kwa njia ya mbali. Reale iliyojulikana pwani ilikuwa na sura ya Maria Theresa wa Austria, aliyekufa mwaka 1780. Mwaka huohuo ukabaki juu ya sarafu zilizopigwa baadaye, na katika karne ya 20 hata London na Bombay. Uzito wake ni gramu 28 na kitu.

Kama kazi ya mchongaji, uso ule ni mzuri. Ni mama mnene, mtulivu, mwenye ushungi wa mjane, na haombi kupendwa. Tai wa vichwa viwili aliye nyuma simsifu; amebebeshwa ngao nyingi mno hata hawezi kuruka. Lakini sifa ziko wapi? Zimeandikwa kwa Kilatini kuzunguka ukingo: Haki na Huruma. Na maandishi ya ukingoni yana kazi yake nyingine: mwizi akiukwangua ukingo apate vumbi la fedha, herufi zinamsuta. Yaani Haki na Huruma zimewekwa pale kuwa ua wa kulinda fedha. Mrumi alikuwa muwazi zaidi. Sifa yake aliisimamisha mbele ya macho, ukitaka kumcheka umcheke.

Hapa Ujiji, katika karne ya 19, sokoni zilitumika shanga ziitwazo sofi, mfano wa vipande vya shina la kiko. Samaki na chumvi vilinunuliwa kwa hizo. Lakini pembe za ndovu, na watu waliovushwa ziwa kutoka Manyema, walisukumwa hadi Tabora na pwani, na Unguja bei ilihesabiwa kwa reale, mpaka Sultani Barghash alipokubali kulifunga soko la watumwa mwaka 1873. Mwenye kupokea malipo alizipima reale zake, akaangalia kama ukingo ni mzima.