Wafiadini wa London na wa Akeri
Mwaka 2014, Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London, liliwekewa kazi ya video ya Bill Viola iitwayo Martyrs: skrini nne, wafiadini wanne, bila sauti. Mmoja ajaribiwa kwa udongo, wengine kwa upepo, moto na maji; wote wavumilia. Ukimya huo twausifu, maana skrini za makanisani kwetu hazijui kunyamaza. Lakini muuaji haonekani. Sisi wa Meru hatuwezi kusimulia hivyo. Oktoba 1896 wamisionari Ovir na Segebrock waliuawa Akeri. Kisha jeshi la Wajerumani likalipiza kisasi kwa kuua Waarusha na Wameru. Tukiweka picha zao katika makanisa yetu ya zamani, tuwaonyeshe na hao. Bwana aliwaombea hata waliomsulubisha.