Milima Inayomwita Mchezaji

Katika mabanda ya gemu ya Kikuyu, hapa Dodoma, foleni ya gemu za mpira ndiyo ndefu siku zote. Lakini ipo gemu moja ambayo haijaondoka, ingawa wengi wanaoicheza leo wamezaliwa baada yake: Grand Theft Auto: San Andreas, iliyotoka Oktoba 2004. Jioni, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha St. John's wakishatoka madarasani, kaa kwenye benchi utazame. Mmoja anafanya misheni kwa bidii, anafuata mshale kwenye ramani, anasevu. Dakika zake zikiisha, mwenzake anashika padi ileile, anaipuuza misheni, anatafuta baiskeli na kupanda Mlima Chiliad mpaka kileleni, kusudi aruke nayo tu. Wote wawili wamelipa hela sawa, na benchi linawashangilia sawa.

Swali linalonishika kila nikiwatazama ni hili: unamsimuliaje hadithi mtu ambaye hajaahidi kukusikiliza? Bibi akitaka kutoa ngano huita "hadithi, hadithi" na kusubiri aitikiwe "hadithi njoo". Akishaitikiwa, amepewa usiku wote. Mtengenezaji wa gemu haitikiwi na mtu. Mchezaji wake anaweza kugeuka katikati ya sentensi akaenda kuogelea.

Tazama San Andreas inavyoanza. Ni mwaka 1992, Carl Johnson, CJ, anarudi kwao, jiji la Los Santos, kumzika mama yake. Kabla hajafika nyumbani polisi wanamkamata, afisa Tenpenny anamnyang'anya pesa, kisha wanamtupa nje ya gari katika mtaa wa maadui zake. Pembeni kuna baiskeli. Hapo ndipo padi inakuwa ya mchezaji.

Wangeweza kumpa gari. Gemu yenyewe jina lake ni la wizi wa magari! Lakini kwa gari ungefika Grove Street, mtaani kwao CJ, kabla hujaona kitu. Kwa baiskeli nyumba zinapita polepole, kona za mtaa zinaingia kichwani, na ukitaka kwenda kasi lazima ubonyeze kitufe mfululizo mpaka kidole gumba kiume. Uchovu wa CJ unakuwa wa kidole chako. Hakuna aliyekwambia kwamba huyu ni mtu maskini aliyeko mbali na kwao, ila ukifika mlangoni unalijua hilo. Na wakati huohuo, ukitaka kukata kushoto na kupotea, hakuna anayekuzuia. Dan Houser na wenzake walioandika kisa hiki walikubali kwamba wapo watakaokata kushoto, wakahakikisha kwamba hata huko kushoto pana mtaa wenye watu, muziki wa redio na ugomvi wake.

Tena waliyafanya haya kwenye PlayStation 2, mashine yenye kumbukumbu ya megabaiti 32. Jimbo zima, lenye miji mitatu, jangwa na misitu, halikuweza kukaa humo kwa pamoja. Kwa hiyo unapoendesha, mashine inasoma kwenye diski mitaa iliyo mbele yako na kuifuta uliyoiacha nyuma. Ukungu ule wa rangi ya machungwa unaofunika upeo wa macho unaficha mahali ambapo dunia haijachorwa bado, na unafanya joto la jiji lionekane la kweli. Nao uhuru waliugawa kwa vipimo: mwanzoni madaraja ya kwenda mji wa San Fierro yamefungwa, na ukilazimisha kuvuka unawindwa na polisi wa nyota nne. Kisa ndicho kinachokufungulia ramani, kipande kwa kipande.

Ufundi huu una wazee wake. Will Crowther, Mmarekani mwandishi wa programu aliyependa kuchunguza mapango, aliandika mwaka 1976 gemu ya maneno matupu, akiwakusudia binti zake. Aliijenga juu ya pango halisi la Kentucky alilokuwa amelitambaa mwenyewe. Kompyuta inakueleza ulipo, unaandika neno moja au mawili, nayo inakueleza ulipofika. Mwaka uliofuata Don Woods aliiongezea maajabu. Uhuru wa kuzunguka ulikuwepo tangu siku hizo.

Mwaka 1984 vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Cambridge, David Braben na Ian Bell, walitoa Elite kwa ajili ya kompyuta ya BBC Micro yenye kilobaiti 32 tu. Picha moja unayopiga kwa simu leo inazidi hapo mara nyingi. Ndani ya nafasi hiyo mliingia magalaksi 8, kila moja na nyota 256. Hawakuziandika moja moja. Waliandika kanuni ya hesabu ambayo ukiipa namba ya kuanzia inazaa nyota, jina lake, serikali yake na uchumi wake, na ukirudia namba hiyo inazaa zilezile. Unanunua huku, unauza kule, ukitaka unakuwa haramia. Mwisho hakuna. Na kisa? Kisa walikichapa kwenye kijitabu, The Dark Wheel cha Robert Holdstock, wakakiweka ndani ya boksi. Naupenda unyofu wa hatua hiyo: uhuru ukae kwenye kompyuta, hadithi ikae kwenye karatasi, kwa kuwa mahali pamoja havikutosha.

San Andreas ilivileta chini ya paa moja, ila mshono bado unaonekana. Muulize yeyote aliyewahi kucheza kuhusu misheni ya treni. Big Smoke amepanda nyuma ya pikipiki yako, anafyatulia risasi watu waliosimama juu ya mabehewa, na kazi yako ni kukaa sambamba na reli. Ukiachwa na treni, misheni imefeli, na Big Smoke anakulaumu wewe. Benchi zima husimama. Nje ya misheni ulikuwa mwenye nchi, na sasa njia iliyokubaliwa ni moja. Red Dead Redemption 2 ya mwaka 2018, ya kampuni ileile ya Rockstar, ina nchi nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona kwenye skrini, na bado misheni zake zinakushika mkono kama mtoto.

Waliouziba mshono huo vizuri zaidi, kwa maoni yangu, ni Wajapani wa Nintendo. The Legend of Zelda: Breath of the Wild ilitoka Machi 2017, chini ya uongozi wa Hidemaro Fujibayashi. Mashine yake, Switch, si ya kawaida kwenye mabanda yetu, lakini sisi wakazi wa uwanda wa juu tungejiona nyumbani humo, maana kisa kinaanzia kwenye uwanda uliozungukwa na magenge. Shujaa wake, Link, anaamka baada ya usingizi wa miaka 100, anatoka pangoni, anaona nchi nzima chini yake. Hapo juu anajifunza kila kitu bila kuambiwa kwamba yuko shuleni. Akishapata chombo cha kumwezesha kuelea hewani, anaweza kuruka genge na kwenda popote, hata kwenye ngome ya adui wa mwisho moja kwa moja.

Ili kupima umbali, Fujibayashi aliilaza ramani ya Kyoto, mji alikokulia, juu ya ramani ya gemu. Mtu wa hapa angepima kwa mwendo wa kutoka Kikuyu hadi Chuo Kikuu cha Dodoma. Na mwaka huohuo mafundi wake walieleza kwenye CEDEC, mkutano wa watengenezaji wa gemu, kwamba nchi hiyo imejengwa kwa pembetatu. Kubwa ni mlima wa kukuvuta kutoka mbali. Ya kati inakukinga usione kilicho nyuma yake. Unachagua: uipande au uizunguke, na vyovyote utakavyochagua, kitu kinajitokeza kidogo kidogo. Ni kama majabali ya Dodoma yetu, unalizunguka moja na kijiji kizima kinachomoza. Mchezaji anadhani ameamua mwenyewe kwenda kule, na kweli ameamua. Fundi aliupanga mlima tu.

Kisha wakaipa nchi hiyo sheria chache za asili. Moto unaunguza majani, hewa ya moto inapanda juu, umeme unakimbilia chuma. Mvua ya radi ikikukuta umezungukwa, unavua upanga wa chuma kabla haujawaka cheche, unautupa miguuni mwa maadui na kukimbilia kwenye mwamba. Kisa cha mfalme na binti yake katika gemu hii ni chepesi, wala sikidai kiwe kizito. Aliyeponea kwenye radi hiyo ana kisa cha kutosha kuwasimulia wenzake, na jirani yake, aliyeamua kuchoma majani akapaa na moshi, ana cha kwake.